Kijagi cha Kaburi la Arobaini na Saba

Picha zilikuwa tatu, na Zénon Barampama alikuwa amezitazama tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, mpaka mkewe akaanza kumwonea wivu mtoto aliyekufa miaka mia tatu kabla ya Yesu kuzaliwa.

"Papa Gaël," alisema Marie-Jeanne, mikono yake ikiwa ndani ya nywele za mteja, "ukiendelea kumtazama huyo, wako utawasahau sura."

"Wangu hawajapotelewa na kitu."

"Mwanao Gaël amepoteza koti la shule mara mbili mwaka huu."

Zénon alicheka bila kuinua kichwa. Ofisi yake ilikuwa meza moja na viti viwili, nyuma ya draya ya pili ya kukaushia nywele katika saluni ya Marie-Jeanne, ghorofa ya kwanza, katikati ya jiji la Durban. Kule Bujumbura alikuwa ofisa wa polisi ya upelelezi kwa miaka kumi na sita. Hapa alikuwa na kibao cha mlangoni kilichosema kwamba anatafuta watu na kutafsiri karatasi, na kwa kweli zaidi ya yote alitafuta waume waliotoroka. Kazi hii ya sasa ilikuwa ya kwanza, katika miaka sita ya Durban, iliyomrudishia usingizi wa wasiwasi wa zamani, na alikuwa anaupenda.

Iliingia wiki moja kabla, ikiegemea fimbo. Maman Fotini alikuwa mwanamke wa Kigiriki wa miaka sabini na mbili, mjane, mkazi wa mtaa wa Overport, na alipofika juu ya ngazi alisimama kutafuta pumzi, halafu akaamkia watu wote wa saluni kwa Kiswahili cha kando ya ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa akiuza vitambaa Usumbura, wakati Bujumbura ilikuwa bado inaitwa hivyo. Zénon aliposikia Kiswahili kile kinatoka kwenye mdomo ule, alisimama bila kujua amesimama.

"Natafuta mtu," alisema yule mama. "Sitaki afungwe. Nataka aulizwe swali moja."

Habari yenyewe ilikuwa hii. Mwezi wa Septemba, mwaka 2010, mpwa wake aitwaye Stathis alikuwa akisimamia uchimbaji kwenye kilima kimoja kaskazini mwa Ugiriki. Barabara kuu ilitakiwa ipite pale, na kabla haijapita, wanaakiolojia walipewa nafasi ya kutazama kilichokuwa chini. Wakakuta mji mdogo wa zamani sana: misingi ya nyumba, visima, na nje ya ukuta, makaburi. Kaburi la arobaini na saba lilikuwa la mtoto mchanga. Alizikwa na mwanasesere wa udongo, na vifundo vya miguu ya kondoo ambavyo watoto wa wakati ule walichezea, na kijagi cheusi chenye mrija mfupi ubavuni, kile ambacho mama alimnyweshea mtoto maziwa. Na juu ya taya lake palikuwa na jani la dhahabu, dogo kama ukucha, jembamba kama ganda la kitunguu.

"Jioni lilikuwepo," alisema Maman Fotini. "Asubuhi halikuwepo. Na kibarua aliyekuwa anachimba hilo kaburi, naye asubuhi hakuwepo. Mkongo. Walikuwa wanamwita Desi."

"Jina lake kamili?"

"Stathis alikuwa analijua. Alikataa kulitaja. Alijua kijana hana karatasi. Basi wakasema: unamficha kwa sababu mmegawana." Akatoa kitambaa, akakikunja, hakukitumia. "Wamemsimamisha kazi miaka minne. Anauza balbu kwenye duka la mtu. Tarehe thelathini mwezi huu kamati inayomchunguza inafunga faili, na ikilifunga kama lilivyo, hatagusa tena udongo maisha yake."

"Na kwa nini Durban?"

"Kibarua mwingine alimwandikia. Anasema Desi alirudishwa Congo, halafu akamfuata mkewe hapa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi. Jina nusu, mke asiyejulikana, na picha tatu.

Picha ya kwanza ilipigwa saa kumi na dakika arobaini jioni. Ndani yake kila kitu kilikuwa mahali pake: mifupa midogo, mwanasesere, kijagi, jani liking'aa. Ya pili ilikuwa ile ile, imekuzwa pembeni, kwa sababu kulikuwa na mkono ulioingia kwenye picha. Mkono wa kushoto, umeshika brashi. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka katikati na kuota vipande viwili. Ya tatu ilipigwa saa moja na robo asubuhi iliyofuata, baada ya mvua. Jani halikuwepo.

Zénon alikuwa amejifunza kazi kwa mzee mmoja wa Bujumbura aliyekataza kutazama kitu kilichopotea. Alisema kila mtu atakitazama hicho. Wewe tazama vilivyobaki. Kwa hiyo Zénon alitazama vilivyobaki. Mwanasesere hakuwa amesogea. Vifundo vilikuwa saba jioni na saba asubuhi. Lakini kijagi jioni kilikuwa na udongo mpaka nusu ya shingo, na asubuhi udongo ulikuwa umejaa mpaka mdomoni, laini, kama umesawazishwa. Aliandika kwenye daftari: *kijagi, udongo*. Akaweka alama ya kuuliza.

"Mvua," alisema Marie-Jeanne, aliyekuja kuchungulia juu ya bega lake. "Tope limeingia."

"Mbona halikuingia kwenye macho ya mwanasesere?"

Kwenye televisheni ya saluni walikuwa wanaonyesha tena lile kaburi kubwa la Amfipoli, Ugiriki, ambalo mwezi ule lilikuwa kwenye habari za dunia nzima, na wale simba wawili wa mawe wenye mabawa mlangoni pake. Marie-Jeanne alilitazama kidogo. "La tajiri wanalionyesha kila siku," alisema. "Huyu mdogo hakuna anayemuuliza." Halafu akarudi kwa mteja wake. "Nenda kwa Steve. Yule wanayemwita Mgiriki."

Steve alikuwa na kibanda cha simu mtaa wa pili, na hakungoja kuulizwa mara mbili.

"Archéologie, kuchimba vitu vya zamani? Papa Zénon, hiyo njo ilikuwa kazi yangu. Nilichimba makaburi ya wafalme miezi nane."

"Vizuri. Mlikuwa mnatumia nini?"

"Sururu. Jembe. Tulikuwa tunapiga kwa nguvu kabisa."

"Na brashi?"

"Brashi ya nini? Kwani tulikuwa tunapaka rangi?"

Zénon alifunga daftari. Steve akamtazama, akatazama daftari lililofungwa, akaanza kucheka mwenyewe. "Eish. Sawa. Nilikuwa nauza mikanda Athens, barabarani. Lakini usimwambie mtu, wateja wananiheshimu."

"Sitasema. Ulimjua mtu yeyote aliyechimba kweli?"

Steve aliweka chini simu aliyokuwa akiifungua. Sauti yake ikabadilika. "Iko mmoja. Désiré, mtu wa Fizi, kule Congo. Tulilala chumba kimoja Athens, kabla hajaenda kaskazini na baada ya kutoka jela ya wahamiaji. Aliporudi alikuwa na mambo mageni. Viatu vyangu anavisafisha na mswaki, na udongo hautupi, anaupanga mafungu. Mwekundu huku, mweusi huku. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, nataka kujua ulitembea wapi."

"Yuko Durban?"

"Nilimwona mwaka jana kwenye robot, zile taa za barabarani, pale soko la Warwick. Amebeba koleo. Nilimwita kwa jina. Akavuka barabara, akaenda."

"Mkono gani ulishika koleo?"

Steve alifumba macho, akainua mikono yake yote miwili hewani, akawaza. Halafu akashusha wa kulia. "Huu," alisema, akitikisa wa kushoto.

Mtu mwingine angeingia Warwick akiuliza Wakongo wanaoitwa Désiré, na angepata kumi na watano kabla ya chakula cha mchana, wote wakiwa wamekimbia. Zénon hakuuliza jina. Alimtafuta Nahimana, Mrundi mwenzake aliyesukuma mikokoteni ya wauza mboga tangu alfajiri, aliyewajua wote waliosimama pale kungoja kazi za siku.

"Natafuta mtu anayechimba vibaya," alisema Zénon.

"Vibaya namna gani?"

"Polepole. Anachungulia. Udongo anaupanga mafungu."

Nahimana alitua mkokoteni. "Huyo ni Mswaki."

"Mswaki?"

"Njo jina lake hapa. Mtaro wa bomba la choo, Papa, yeye anaufagia. Mwanzo mabosi walimfukuza. Sasa wanamgombania, kwa sababu hajawahi kukata waya wa mtu wala kupasua bomba. Anasema anausikia udongo ukibadilika kabla ya kufika." Akaelekeza kwa kidevu upande wa juu, kwenye vilima vya nyumba. "Wiki hii yuko Overport, nyuma ya yale maduka. Wanaweka bomba jipya la maji kwenye flats."

Zénon alipanda taxi, akashuka kwenye maduka, akazunguka nyuma. Hakuhitaji kuuliza tena. Mitaro ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa kama mitaro yote ya dunia. Wa pili ulikuwa na kuta zilizonyooka kama keki iliyokatwa kwa kisu cha moto, na pembeni yake kulikuwa na mafungu matatu ya udongo, kila moja na rangi yake. Ndani alikuwamo mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, amepiga goti. Alikuwa anafagia.

Zénon akakaa ukingoni, miguu ndani, kama mtu aliyekuja kupumzika.

"Habari ya kazi."

"Kazi iko." Yule mtu akainua macho, akaona viatu vilivyopigwa rangi, akaona daftari. Akaweka brashi chini taratibu. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilikuwa na kucha mbili. "Papa, weye ni wa Home Affairs, wale wa karatasi za wageni?"

"Ningekuwa wa Home Affairs ningekuja na gari. Mimi naitwa Zénon. Mke wangu anasuka watu pale town. Nimetumwa na mtu anayetaka kukuuliza juu ya tarehe moja. Septemba, mwaka 2010."

Désiré aliangalia mwisho wa mtaro, akapima. Ulikuwa mtaro mzuri sana, na kwa sababu hiyo kuta zake zilikuwa ngumu kupanda haraka.

"Hakuna anayekukamata," alisema Zénon. "Ukitaka kuondoka, nitakupa mkono utoke."

Kile ndicho kilichomkalisha. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaegemea ukuta wake.

Zénon alikuwa na desturi moja aliyoitunza toka Bujumbura: kitu unachotaka shahidi akupe, usimpe wewe kwanza. Hakutaja dhahabu. Hakutaja kwamba kuna kilichopotea.

"Niambie siku yako ya mwisho kule kilimani."

"Yote?"

"Kuanzia basi la asubuhi."

Désiré alianza na basi. Alizungumza akitazama mikono yake, na kadiri alivyoendelea uso wake ulilainika, kama mtu anayesimulia nyumba aliyowahi kuishi kwa raha. Chef Stathis, mkubwa wao wa kazi, alimfundisha kila kitu. Jinsi ya kushika mwiko wa fundi kwa ubavu, usichome. Jinsi ya kujua shimo la zamani kwa rangi ya udongo. Baada ya miezi mitatu ya kazi chef alimwachia kaburi peke yake, namba arobaini na saba, na lilikuwa la mtoto.

"Alikuwa mdogo, Papa. Mifupa kama ya kuku. Nilichimba siku nne. Vibarua wengine walikuwa wananicheka, wanasema unamuogesha."

"Siku ya nne, jioni."

"Chef alipiga picha. Halafu akapakia masanduku ya kaburi lingine, akayapeleka mjini, ghalani. Akaniambia, Desi, kaa hapo, nitarudi na turubai tufunike. Basi wingu likaja. Chef bado. Upepo ukaanza, na lile jani la dhahabu likainuka upande mmoja. Nikaweka mkono juu, hivi, nikangoja. Nikasema, nikiondoa litaruka. Nikilitia mfukoni, nimeiba. Njo nikafikiri, huyu mtoto iko na kikombe chake."

Zénon hakusogeza hata kalamu.

"Nikatoa tiketi ya basi ya ile asubuhi. Nikalifunga ndani, polepole. Nikatoa udongo kidogo kwenye kile kijagi, nikaweka, nikarudisha udongo, nikaziba juu na tope, nikabonyeza na kidole. Nikasema kesho chef akija nitamwonyesha. Mvua ikanyesha, chef akafika na turubai akikimbia, tumelowa wote wawili, anapiga kelele shika huku, shika huku. Sikumwambia. Nilisema kesho."

"Na kesho?"

"Kesho nilikuwa kwa polisi. Walikuja nyumbani alfajiri, wakatupakia wote tusio na karatasi. Miezi sita. Simu wakachukua, na namba ya chef ilikuwa ndani ya simu. Wakaja kuniuliza, utarudi kwenu kwa hiari? Nikasema nitarudi." Akainua macho. "Kwani chef ananitafuta kwa nini? Nilikosea mahali pa kuweka?"

Zénon alifungua daftari, akatoa picha ya tatu, akampa. Désiré aliipokea kwa ncha za vidole. Akatabasamu alipomwona mwanasesere. Halafu akaweka ukucha wake uliopasuka juu ya mdomo wa kijagi.

"Hapa. Unaona? Hii ni tope langu."

"Wanasema jani liliibwa," alisema Zénon. "Wanasema uliiba wewe, na chef akakuficha. Amesimamishwa kazi tangu siku ile."

Ilimchukua Désiré muda kuelewa. Zénon alikuwa ameona watu wengi wakijifanya wameshangaa, na alijua wanavyofanya. Huwa wanaanza na mdomo. Huyu alianza na macho, akarudi kwenye kijagi cha pichani.

"Lakini vyombo vinaoshwa," alisema. "Kila chombo kinaoshwa. Kulikuwa na maman mmoja wa kuosha, mkali, haachi hata punje. Nilijua siku ya pili tu watalipata. Miaka yote hii najua walilipata."

"Uchimbaji ulisimama asubuhi ile ile. Vitu vyote vya kaburi lako vilifungwa kwenye sanduku na kupigwa mhuri kama ushahidi. Hakuna aliyeosha kitu."

"Iko pale pale?"

"Nadhani iko pale pale."

Désiré alifunika uso kwa mikono yake yenye udongo, na alipoitoa, kitu cha kwanza alichosema hakikuwa juu ya dhahabu. "Chef hakusema jina langu?"

"Miaka minne. Hata mara moja."

Kulikuwa na shida, na Zénon hakuificha. Désiré alipoomba ukimbizi Afrika Kusini, aliulizwa nchi alizopita. Alitaja Tanzania, Malawi, Msumbiji. Ugiriki hakuitaja, wala miezi sita ya kufungwa. Karatasi yake ilikuwa ya kurefushwa mwezi wa kumi na mbili. Ushahidi wenye jina lake, kutoka Ulaya, ungeweza kumfikia mtu mbaya kwenye dirisha baya.

"Naweza kuandika bila jina," alisema Zénon. "Kibarua fulani. Itatosha wafungue kijagi. Wakikuta kitu, tiketi itasema yenyewe. Wasipokuta, karatasi isiyo na jina wataitupa, na chef wako atabaki na balbu zake. Sitakudanganya."

"Niache niongee na Mireille."

Jioni ile waliongea wote, mezani kwa Maman Fotini, hatua chache kutoka kwenye mtaro. Marie-Jeanne alifunga saluni mapema akaja, akisema amekuja kuhakikisha mume wake anakula. Mireille, mke wa Désiré, alikuja na sare ya kazini, anafanya usafi hospitali, na alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Maman Fotini hakumuuliza mtu swali lolote. Alikaanga ndagala, dagaa wadogo wa ziwa, akazikamulia limau, akaweka ugali katikati, akasimama nyuma ya kiti cha Mireille.

"Hizi ni za wapi?" aliuliza Mireille, kwa mshangao mdogo.

"Za kwetu," alisema Maman Fotini. "Kuna mtu anazileta Warwick. Mimi nimezila tangu sijaota meno. Kula, mwanangu."

Mireille alikula. Kisha akamgeukia Zénon. "Papa, wakituita Home Affairs watuulize juu ya Ugiriki?"

"Tutaenda sisi kabla hawajatuita. Kuna mawakili wa wakimbizi hapa mjini, hawadai kitu. Mwenye kusema mwenyewe husikilizwa vingine na aliyekamatwa akidanganya. Lakini si hakika. Nimeona ikienda vizuri, na nimeona ikienda vibaya."

Mireille alimtazama mumewe muda mrefu. "Miaka mitatu sikujua kama uko hai," alimwambia. "Siku uliyofika hapa, kitu ulichonihadithia usiku wa kwanza ni huyo mtoto na kikombe chake. Sikuelewa kwa nini unanihadithia makaburi. Andikisha."

Zénon akaandika jinsi alivyofundishwa: tarehe, saa, mahali, maneno ya shahidi kama alivyoyasema. Maman Fotini alitafsiri kwa Kigiriki, akisimama kila mstari kuuliza neno. Mwiko. Kuziba. Kubonyeza. Chini, mahali pa jina, Désiré aliandika herufi moja tu, D. Karatasi ikapigwa picha, ikatumwa kwa Stathis, na Stathis akaipeleka asubuhi kwa kamati.

Ilikuwa Jumanne. Jumatano hapakuja neno. Zénon aliranda saluni nzima mpaka Marie-Jeanne akamweka chini ya draya, ambayo haikuwa imewashwa, akamwambia akae hapo asiwatishe wateja.

"Uliamini neno lake?" alimuuliza, akipunguza sauti.

"Niliamini tope. Jioni nusu, asubuhi limejaa. Alinieleza kabla sijamwonyesha picha."

"Na yeye?"

Zénon aliwaza. "Na yeye," alikubali.

Marie-Jeanne akampangusa unywele uliokuwa umemwangukia begani, na mkono wake ukabaki hapo muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Alhamisi alasiri Maman Fotini alipiga simu, akasema njooni wote, na hakutaka kusema zaidi. Walimkuta ameweka simu yake katikati ya meza, spika imefunguliwa, na kutoka ndani yake ilikuwa ikitoka sauti ya mwanaume aliyekuwa akijaribu kuongea na kushindwa. Alikuwa Stathis. Maman Fotini alitafsiri, machozi yakimshuka bila yeye kuyajali.

"Anasema wamefungua sanduku saa nne asubuhi. Watu watatu wa kamati, na mtu wa makumbusho. Yeye walimwacha mlangoni. Wametoa kifuniko cha tope, kilikuwa kigumu kama saruji, kina alama ya kidole. Chini yake udongo. Chini ya udongo tiketi ya basi." Akasikiliza. "Tarehe inasomeka. Kumi na nne Septemba, 2010, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Na ndani ya tiketi, jani. Zima. Halina hata mkunjo."

Mireille alishika mkono wa mumewe. Désiré alikuwa ametazama meza.

"Anasema kamati haihitaji kitu kingine. Faili litafungwa vizuri. Anarudi kazini Januari."

Zénon aliandika saa kwenye daftari, kwa mazoea, akalifunga. Kwa upande wake kazi ilikuwa imekwisha. Lakini sauti iliendelea, sasa polepole, na Maman Fotini akainama kuisikia.

"Anakuuliza wewe, Désiré. Anasema si kwa kamati, ni kwake. Wataandika kitabu cha ule uchimbaji. Kila kaburi lina ukurasa wake, na chini ya ukurasa kuna jina la aliyelichimba. Makaburi yote yana jina, isipokuwa la arobaini na saba. Anasema anaweza kuliacha wazi. Anajua hali yako, hatakulaumu. Lakini kama unataka, anauliza jina lako linaandikwaje."

Nje, mafundi walikuwa wakifukia mtaro, koleo kwa koleo. Désiré alimtazama Mireille, na Mireille akainamisha kichwa mara moja, kukubali.

Akasogea karibu na simu. "Chef," alisema, halafu maneno machache ya Kigiriki kilichovunjika, na upande wa pili mtu akacheka huku analia. "Andika. D, E, S, I, R, E. Hiyo ni ya kwanza. Iko nyingine. W."

Stathis akasema kitu. "Anasema hawana W," alisema Maman Fotini.

Désiré alifikiri. Alikuwa amesoma mabango ya mabasi ya Kigiriki kwa miaka miwili. "Weka herufi zenu mbili, omikron na ipsilon," alisema. "Halafu I, L, O, N, na mwisho andika unavyosikia. Wilondja. Na ya mwisho Asukulu."

Walisikia kalamu ikikwaruza karatasi, mbali, ng'ambo ya bara na bahari. Halafu Stathis akasoma kwa sauti alichoandika. Alilikosea. Désiré akalitamka tena, taratibu, kama anavyofundishwa mtoto, na Stathis akajaribu, akalikosea kidogo tu. Mara ya tatu alilipatia.